Unguja ya Kilburn

Kila nikipita Kibokoni mnanivuta kanga: "Salma, umemleta?" Nimejibu mlangoni, nimejibu harusini, na juzi mmoja wenu, simtaji, aliniuliza tuko matangani, maiti hata hajatoka. Basi nakaa niwaandikieni mara moja, kisha mniache nishone nguo za watu.

Mnajua nilikwenda kwa nini. Mama macho yanamzimika. Jicho la kulia limekwisha na la kushoto liko njiani, na daktari hamtaki. Anamtaka Nassor, mwanawe wa kwanza, amwone angali anaona. Kaka Nassor alikuwa mwalimu wa Kiarabu Unguja. Yalipotokea mapinduzi sisi tulivukia Mombasa, yeye akaangukia London, na tangu hapo ni salamu tu. "Barua zimeshindwa," Mama aliniambia. "Nenda wewe, una mdomo." Habari za pasi na tikiti siwaandikii, zitanipandisha presha bure.

Nairobi hadi Entebbe

Nilibeba kikapu kimoja cha ukili. Ndani mlikuwa na halua, achari ya ndimu, na kofia aliyoishona Mama kwa ajili ya Nassor. Aliishona kwa kupapasa, na ukiitazama utaona mahali uzi ulipopotea njia ukarudi. Nilimwambia nimsaidie, akanipiga mkono.

Mwaka ule ndio ule Wahindi wa Uganda walipoamriwa kuondoka. Ndege yetu ilitua Entebbe, ikakaa. Ilikaa mpaka joto likatujia, watoto wakalia, tukaletewa maji ya uvuguvugu na kuambiwa tusishuke. Kisha wakaanza kupanda, familia kwa familia, na kilichonitisha ni ukimya wao. Nyie mnawajua Wahindi wetu wakisafiri, maneno na vyakula tangu mlangoni. Hawa walipita kwenye ile njia ya katikati hawasemi kitu, na wamevaa nguo juu ya nguo, hata mikono haishuki.

Aliyekaa karibu nami alikuwa mwanamke wa umri wangu, jina lake Roshan, Khoja wa Kampala. Alivaa magauni matatu na koti. Miguuni aliweka kikapu cha ukili kama changu. Ndege ilipoinuka akanigeukia.

"Dada," akasema, "nimeacha chungu motoni."

Nikadhani amesahau, nikampa pole.

"Sikusahau. Barabarani kuna askari. Wakiona jiko linawaka watasema hawa wanarudi, hawataingia kuiba. Choroko tu. Nakato anakoroga."

Nakato alikuwa mwanamke aliyefanya kazi kwao tangu Roshan alipoolewa. Basi safari nzima ikawa hivyo. Nikitaka kusinzia, Roshan ananigusa. "Sasa maji yanapungua." Baadaye, "Sasa inashika chini. Nakato hasikii harufu, ana mafua." Nikamwambia dada, mwombe Mungu, lala. Akafumba macho. Ndipo mimi mwenyewe nikasikia harufu ya choroko inayoungua.

Mimi si mtu wa kuamini majini, mnanijua. Nikasema ni fikra. Lakini msichana mhudumu wa ndege alipita ananusa, akafungua kabati moja, akafungua la pili, akainama mpaka chini ya viti vyetu. Roshan alimtazama tu, wala hakushangaa.

Cairo, kwenye chai

Cairo tulishushwa, injini inatazamwa. Tuliwekwa kwenye ukumbi mkubwa wenye taa nyeupe, na redio inaimba nyimbo za kuisifu nchi, mapigo ya jeshi na kwaya. Nilikuwa na kiu, nikaona hapa ndipo Kiarabu changu kitanifaa.

Kosa langu nitawaambia, mcheke. Mimi Kiarabu nilifundishwa nyumbani na Nassor, na Nassor hakunifundisha cha sokoni. Alinifundisha mashairi. Si yale ya zamani ya ngamia peke yake, bali haya ya kisasa ya watu waliofukuzwa kwao, walioandikia ng'ambo wakililia nchi zao. Nilikuwa nikipika huku nasoma beti za kulilia zeituni, na zeituni sijaiona. Basi nikamwendea mhudumu, nikafungua kinywa, yakatoka niliyonayo. Nilimwambia, kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Ewe mnyweshaji wa msafara, ini langu limepasuka kwa kiu, nawe wasimama mbele ya chemchemi."

Akaita wenzake. Wakaja, nikaambiwa nirudie, nikarudia kama mjinga, wakashikana mabega kwa kicheko. Mmoja tu hakucheka, mzee wa kufuta meza. Aliniletea chai yeye mwenyewe, akaniuliza nchi yangu ni ipi. Nikataka kusema Unguja, nikataka kusema Mombasa, nikakumbuka kaburi la babu liko Hadhramaut, Uarabuni. Nikaishia kuizungusha gilasi mkononi.

"Binti," akasema taratibu, "wote waliokuwa wakisema Kiarabu hicho chako wamekwisha kufa."

Akaenda zake na kitambaa chake. Ile chai ilikuwa tamu mno na sikuimaliza.

Kilburn

London kulikuwa na umati, Roshan na jamaa zake wakachukuliwa huku, mimi huku. Kilburn, mtaa anakokaa kaka, nilikuta nyumba za matofali zilizoungana ukuta kwa ukuta, zote sura moja, na mchana wenyewe ni wa kijivu. Aliyenifungulia ni Bi Gulbanu, mwenye nyumba, Khoja wa Unguja. Alitoka kwetu mapema, akanunua nyumba, akapangisha vyumba.

"Wewe ndiye Salma wa Bi Zuwena!" alilia, akanikumbatia. "Tulikuwa jirani Kiponda, dirisha kwa dirisha. Nilikuwa nikimpa mama yako bizari naye ananipa ukwaju. Na kaka yako, unajua humu ananiitaje? Mwenye nyumba. Mwaka wa ngapi huu! Hajanitaja jina hata mara moja."

Kaka Nassor alikuwa chumba cha juu. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanibusu kichwa. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, lakini sauti ni ileile. Kazi yake ni ukarani kwenye ghala. Chumba chake kina kitanda, meza na viti, na moto wa gesi unaolishwa sarafu. Picha hakuna hata moja.

Akapika kahawa, akaweka vikombe vinne mezani. Nikatazama mlango, nani anakuja?

"Wenzangu wawili," akasema.

Hapo lazima niwaelezeni. Mshairi wa Kiarabu tangu kale, akifika mahali palipohamwa, huwasemesha wenzake wawili: simameni nami, tazameni. Hata hawa wa kisasa wanaolilia nchi wameichukua desturi hiyo. Ni ada ya shairi tu, kama sisi kwenye utenzi kuanza na bismillahi. Hakuna anayewatandikia kitanda.

Nassor aliwamiminia, akaanza kusoma shairi lake mwenyewe, anavielekea viti viwili vitupu. Kila ubeti ukiisha ananyamaza, anainamisha sikio, kisha anatabasamu na kuendelea. Nilitazama viti vile mpaka shingo ikaniuma.

"Majina yao nani, kaka?"

"Kwenye shairi hawana majina."

Nilipokusanya vikombe, kimoja kati ya viwili vya wageni kilikuwa kimebaki machicha matupu. Huenda alikinywa yeye. Mimi sikumwona.

Nikamfikishia ujumbe wa Mama, nikasema maneno yote niliyoyapanga tangu Mombasa. Alisikiliza, akasema, "Nitakuja, inshallah, tutaondoka pamoja." Nikalia kwa furaha. Chini, Bi Gulbanu alikuwa anasukuma chapati, nikampa habari njema. Hakuinua kichwa.

"Kila mtu akija, kaka yako humwambia hivyo," akasema.

Asubuhi yake nikafungua kikapu nimpe kofia. Ndani hamkuwa na halua wala kofia. Mlikuwa na mfuniko wa chungu, umeungua ukingo mmoja. Kikapu si changu. Kwenye kishikio chake ilifungwa kadi ya anwani ya shemeji yake Roshan, Queensbury.

Queensbury

Kutoka Kilburn ni treni moja tu, unakaa mpaka ufike. Nassor alinisindikiza. Queensbury kuna nyumba zenye vibustani mbele, na kila nyumba ya pili unasikia Kigujarati, na ndani ya Kigujarati unasikia "haya", "bado", "maskini". Roho ilinitulia kidogo. Kisha shemeji mtu akafungua mlango, na harufu ya choroko inayoungua ikatoka kwanza.

"Samahani," akasema. "Tumepaka rangi, tumefungua madirisha. Haitoki. Jikoni hatujapika choroko hata siku moja."

Roshan alikuwa amekaa sebuleni na koti lake. Alipoona mfuniko aliunyakua, akaukumbatia kifuani.

"Tulipoitwa garini nilikuwa nimeushika, dada. Sikuuweka. Sasa Nakato atafunikia nini?"

Nami nikapewa kikapu changu, halua haijaguswa. Tukaletewa chai ya maziwa na mihogo ya kukaanga, na bisi za pilipili. Nikampa Nassor kofia palepale, siwezi kungoja. Akaigeuza mkononi.

"Ya nani hii?"

"Yako. Kashona Mama kwa kupapasa."

Akaivaa. Ikakaa juu juu, haikuingia. Mama ameshona kichwa anachokikumbuka, cha kijana aliyenyolewa, na huyu ana nywele za mtu wa London. Angekata nywele ingemkaa. Nassor akasema nzuri, akaikunja, akaiweka mezani karibu na bisi.

Roshan alikuwa anamtazama.

"Na wewe, bwana? Umeacha nani?"

Nassor akanyoosha mgongo. Alimjibu kwa shairi, nami nikamtafsiria: nimeacha mnara ambao kivuli chake ni saa ya mji, nimeacha mvua inayoyajua mabati kwa majina, nimeacha harufu ya karafuu iliyoanikwa uani.

"Mimi sikuuliza nini," Roshan akasema. "Nimeuliza nani."

Nassor akafungua kinywa. Nikangoja aseme Mama. Wallahi, kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote. Alikaa vile, kinywa wazi, macho yanazunguka chumbani kama mtu aliyepoteza kitu sakafuni. Mwisho akasema tuondoke, giza linaingia.

Kutoka stesheni mpaka nyumbani

Huko giza linaingia saa kumi za alasiri, na si giza la kwetu, ni kama mtu anafunika sufuria. Tuliposhuka Kilburn nikataka kupita barabara kubwa yenye maduka. Nassor akanishika mkono. "Twende ndani kwa ndani."

Akaanza kuniongoza, macho kafumba, anataja mitaa ya Unguja. "Hapa Malindi," anasema, tunapita dobi. "Pinda, hapa Mkunazini. Punguza mwendo, panateleza." Nilicheka. Nikasema kaka, hapa pana tope la London tu. Akaendelea kutaja, na sauti yake ni ya ualimu, ilitosha kuwalaza wanafunzi arobaini. Baada ya kona kadhaa nikanyamaza nikawa namfuata. Kuta zikasogea karibu. Mahali pamoja niliinua buibui kwa mikono miwili, nikaruka mfereji wa maji machafu wa pale Kiponda, ule uliokuwa ukitunukia utotoni. Nikatua upande wa pili. Nikageuka kutazama. Palikuwa na lami kavu.

Hapo nikaogopa kweli. Tena nikaona jambo la pili: tangu stesheni hatujakutana na mtu. Hata paka. Mapazia yamefungwa, milango imefungwa, na ni saa za watu kutoka kazini.

"Kaka, watu wako wapi?"

"Hawamo."

"Hawamo wapi?"

"Humu." Alisimama, akafumbua macho. "Salma, siku ile ya mapinduzi ilipobishwa hodi kwangu, aliyesimama mbele alikuwa Makame. Nimemfundisha kusoma mimi. Amekula kwetu. Wale wenzake wakamuuliza, huyu ni nani? Akanitazama usoni akasema simjui. Nimekuja huku nikajaribu kuupenda mji wetu na yeye yumo. Sikuweza. Nikamtoa. Nikimtoa yeye, jirani yake anaanza kunitazama. Nikamtoa na jirani. Nikawatoa mmoja mmoja mpaka pakawa kimya. Sasa napapenda, Salma. Napapenda mpaka kifua kinauma. Hakuna wa kuniuliza mimi kabila gani."

"Na Mama? Mama kakukosea nini?"

"Mama yuko Mombasa," akasema. "Mombasa kuna watu."

Nikamvuta kanzu katikati ya njia, mtu mzima mimi, nikamlilia. Nikamwambia mwanamke yule anazimika macho, anakungoja wewe, hangoji mnara. Alinifuta machozi kwa kiganja, mpole, mpole sana, kama unavyomfuta mtoto wa mtu mwingine. Hapo ndipo nilipojua kuwa narudi peke yangu.

Kurudi

Siku ya mwisho aliazima rekoda ya tepu kwa Bi Gulbanu, akafunga mlango, akasoma shairi lake zima. "Mpelekee," akasema. "Humu nimo mzima." Bi Gulbanu alinifungia chapati na achari yake mwenyewe, akaniambia nimsalimie Bi Zuwena na nimuulize kama ule mwiko wa mti anao bado. Nassor alinisindikiza mpaka mlangoni, hakuvuka kizingiti. Nilipofika kwenye kona nikageuka nimpungie. Alikuwa ameshawageukia wale wenzake wawili nyuma yake, anawapisha wapite ndani.

Njia ya kurudi ndege ilikuwa tupu na hakuna la kusimulia, ila kwamba Cairo sikuagiza chai.

Mama alinisubiri kitandani, kajipaka wanja kwa ajili ya mgeni. Alinisikiliza nyayo. Akasikia ni zangu tu. Nikamwambia Nassor hajambo, kapata udhuru wa kazi, kakuletea sauti. Nikaazima rekoda kwa jirani, nikaiwasha.

Aliposikia sauti ile alishika shuka kwa mikono yote miwili. Mama Qurani anasoma lakini Kiarabu hakielewi, basi kila ubeti ukiisha namtafsiria. Mnara. Mvua juu ya mabati. Karafuu uani. Mlango aliofunga kwa kope zake na ufunguo akaumeza. Shairi zuri, siwezi kusema uongo, kuna pahali lilinisisimua mwili. Mama akitikisa kichwa, anangoja. Lilipopita nusu akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mimi niko ubeti wa ngapi?"

Nikasema bado, unakuja. Ubeti mwingine ukapita, kisima na mwezi. Mwingine, milango ya misumari ya shaba. Nikaona tepu inakaribia mwisho na uso wa mama yangu unakaribia mwisho pamoja nayo. Sauti ilipotua, nikatunga. Mungu anisamehe.

"Hapa anasema," nikamwambia, "na kizingitini amekaa mama, anapeta mchele, anamfokea paka."

Mama akacheka, machozi yanashuka na wanja.

"Muongo wewe. Nassor hajui kama nilikuwa na paka." Akanipapasa goti. "Zima hilo lake. Hebu rudia hilo lako."

Nikarudia. Tangu siku hiyo kila baada ya alasiri naketi kitandani kwake, narudia, naye ananiongezea watu. Mtie Mzee Haji muuza maji, alikuwa mwizi lakini mtie. Mtie bibi harusi wa nyumba ya pili aliyekuwa akilia chooni. Nilipomsimulia habari ya Makame aliniambia shairi leo basi, kesho yake akasema, mtie na Makame, alikuwa akija kula kwetu, mweke karibu na sinia. Jicho la kushoto sasa limefunga, na shairi limekuwa refu hata nalisahau, yeye ananikumbusha.

Jana nilipomaliza, nikawapitia wote kimoyomoyo, mtaa mzima, mlango kwa mlango. Nassor hayumo. Nikamngojea Mama amtaje. Akasema upepo umekuwa mwingi, nimfungie dirisha.